Chujio la Nne

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimekabidhiwa chujio langu. Naandika "langu" huku nikijua ni la barabara, lakini nimerudi nyumbani nikitembea kama mtu aliyepewa mtoto mchanga kumshika.

Machujio yapo matano, kando ya barabara ya mteremko, kuanzia kwenye maegesho ya malori juu mpaka karibu na bwawa chini. Mpita njia huona bustani iliyozama: shimo pana lenye kina cha goti, lililojaa matete. Chini ya matete kuna mchanga, chini ya mchanga kuna kokoto, na ndani ya kokoto limelazwa bomba lenye matundu linalokwenda bwawani. Mvua inaposhuka barabarani hubeba kila kitu: oili, vumbi la breki, sabuni, mavi ya mbuzi. Ikifika kwenye chujio hutuama, ikazama polepole mchangani, na uchafu ukabaki juu na kwenye mizizi. Maji yanayofika bwawani yanakuwa maji ya kutumia. Ndiyo ambayo mama mdogo anamwagilia miche yake kitaluni.

Haya yote niliyasoma kwa miaka mitatu. Hakuna aliyeniambia kwamba yananuka.

Tuko watatu. Msimamizi bado anauguza magoti, sijamwona. Dada Reki ana miaka mingi kwenye kazi hii na ndiye anayezoa matope, jina lake halisi nimeliuliza mara mbili, mara mbili kajibu, "Reki inatosha." Wa tatu ni mimi, nimepewa la nne.

Jumatano, 5 Machi

Nimesafisha siku nzima kabla mvua haijaanza. Nimeng'oa magugu, nimetoa chupa kumi na moja na kiatu kimoja cha kushoto, nimenyoosha ukingo. Katikati ya matete kulikuwa na kipande cha bomba kimesimama, cha kijivu, hakina kizibo, kimejaa utando wa buibui. Mabomba ya ukaguzi, ya kuchungulia chini, kwenye machujio mengine ni meupe na yana vizibo vyekundu, kwa hiyo hiki ni takataka ya wajenzi. Nimekikata kwa msumeno usawa wa udongo, nikakifunika kwa jiwe bapa. Sasa la nne linapendeza kuliko yote. Nimelipiga picha.

Mgongo si wangu tena.

Alhamisi, 6 Machi

Juu kidogo ya chujio langu, upande uleule wa barabara, kuna gereji. Fundi wake ni kijana mrefu, maneno mengi. Leo ametoka na kikombe cha chai mkononi, akanitazama nikiwa nimepiga magoti.

"Wewe ndiye injinia mpya?"

"Mimi si injinia. Ni msaidizi wa mitaro."

"Basi Injinia wa Matope. Karibu mtaani. Ukichoka kulima barabara, njoo nikupe spana."

Sikumjibu. Nilipofika nyumbani nikapata majibu matatu mazuri sana.

Jumatano, 12 Machi

Msimamizi amerudi. Wanamwita Babu Miwani kwa sababu anavaa miwani mbili kwa pamoja, moja juu ya nyingine. Magoti yake hayashuki tena kwenye shimo, kwa hiyo anakagua akiwa amesimama ukingoni. Kila chujio lina kijiti chenye alama nyekundu na nyeupe. Mvua ikikatika unaandika saa, kijiti kikiwa hakina maji unaandika saa tena. Fomu ina swali moja tu: Je, maji yameisha kabla ya saa ishirini na nne? Ndiyo au Hapana. Ni kwa sababu ya mbu.

"Ndiyo nyingi ofisi inafurahi," akaniambia. "Hapana ikitokea, wanakuja na gari jeupe."

"Na wakija, mzee?"

"Wananiuliza kwa nini. Sasa binti, mimi nitajua kwa nini na magoti haya?"

Jumanne, 18 Machi

Mvua ya kwanza! Ilianza saa tatu asubuhi, ikakatika saa nne na nusu. La kwanza lilichukua saa kumi, la pili kumi na moja, la tatu tisa, la tano kumi na mbili. La nne, dakika hamsini.

Nilidhani saa yangu imesimama. Nikauliza saa ya fundi, nikauliza ya mwanamke anayeuza vocha. Dakika hamsini.

Babu Miwani alisoma kijiti kutoka ukingoni, akavua miwani ya juu, akaivaa tena. "Binti, umelifanya nini?"

"Nimelisafisha tu, mzee."

"Basi tulikuwa wachafu miaka yote hii."

Nimeshindwa kukaa chini. Dakika hamsini!

Jumanne, 25 Machi

Mvua mbili tangu nilipoandika. La nne: dakika arobaini na tano, halafu dakika hamsini na tano. Nimechora jedwali na kulibandika ukutani ofisini. Mkuu wa ofisi amesimama mbele yake na kuuliza ni nani aliyelichora.

Fundi leo: "Hili lako sasa ndilo chujio. Hayo mengine, Injinia, si yameziba? Yamelala tu na maji tumboni."

"Hayajaziba. Yanachuja."

"Na lako?"

"Langu linachuja haraka."

Akacheka, na mimi nikacheka. Ni mara ya kwanza.

Jumatatu, 31 Machi

Mvua. Dakika hamsini.

Ijumaa, 4 Aprili

Nimeingia kitaluni jioni nikamkuta mama mdogo amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mikono juu ya mapaja. Hajawahi kukaa kabla jua halijazama. Yeye ndiye aliyenilea tangu nikiwa na miaka minane. Ada yangu yote ilitoka kwenye miche hii, mfuko mmoja mmoja mweusi.

"Njoo uone, mwanangu."

Safu nzima ya miparachichi, majani yameungua kingo, kahawia, yamejikunja kama yaliyopitishwa kwenye moto. Akachomoa mche mmoja, akaufungua mfuko. Mizizi inatakiwa iwe myeupe. Ilikuwa myeusi na telezi. Akanipa ninuse.

Dizeli.

Nikashtuka nikaudondosha. Yeye akauokota akaurudisha mfukoni mwake kana kwamba ungeweza kupona.

Msimu huu ameahidi shule kumi miche elfu mbili, na amesema mbele ya wakuu wote wa shule kwamba hatawaangusha. Mia mbili na zaidi imeshaharibika. Nilikwenda mpaka kwenye mdomo wa bomba bwawani. Juu ya maji kulikuwa na ngozi nyembamba ya rangi za upinde.

Kuna mtu anamwaga kitu. Sijui bado ni nani, lakini mtu yupo.

Jumanne, 8 Aprili

Nimemwona.

Saa nne asubuhi, nikiwa chini ndani ya matete, hakujua kwamba nipo. Fundi alitoka na karai, akainama kwenye mfereji mbele ya gereji yake, akamwaga kitu cheusi. Chote. Akalikung'uta karai kwa nyuma, akarudi ndani akipiga mluzi.

Kupiga mluzi ndiko kulikonimaliza. Mtu aliyecheka nami wiki mbili zilizopita! Nilibaki nimeshika jani la tete mpaka likanikata.

Jumatano, 9 Aprili

Nimeandika ripoti. Ukurasa mmoja, sentensi fupi. Nimeandika: "Tarehe 8 Aprili nilimshuhudia mwenye gereji akimwaga oili chafu kwenye mfereji wa maji ya mvua." Nimeeleza kuhusu bwawa na miche. Nimeambatisha picha ya mizizi.

Babu Miwani aliisoma mara mbili. "Una hakika, binti?"

"Nimeona kwa macho yangu, mzee."

"Macho yako ni mazuri kuliko yangu," akasema, akaitia sahihi.

Alhamisi, 10 Aprili

Nilidhani kutakuwa na onyo. Nilidhani watu watakwenda kuchunguza, watachukua maji kwenye chupa, watauliza maswali. Ni ripoti yangu ya kwanza, sikujua zinavyokwenda.

Gari jeupe lilifika saa tano. Watu wawili. Mmoja alikuwa na karatasi yangu mkononi, nikauona mwandiko wangu kutoka kule nilikokuwa. Hawakuchukua maji yoyote. Walimpa fundi mpaka saa tisa aondoe vyombo vyake, halafu wakapitisha mnyororo kwenye geti.

Alibeba jeki, mtungi wa upepo, visanduku vya spana, meza. Mteja mmoja alisimama akampiga picha. Fundi hakunitazama hata mara moja, na sijui kama alijua kwamba ni mimi. Alipomaliza aliokota kile kikombe chake cha chai dirishani, akatafuta mahali pa kukitia, akakosa, akaondoka nacho mkononi.

Ukurasa mmoja! Nimekaa kitandani na viatu vya kazi. Nasema moyoni ni haki, miche ya mama mdogo ni haki. Lakini nimeshangazwa na wepesi wake. Nilisukuma mlango kwa bega nikidhani ni mzito, kumbe ulikuwa wazi.

Jumatatu, 14 Aprili

Mvua kubwa. Dakika arobaini na mbili. Mkuu wa ofisi amenipongeza mbele ya watu, kwa jedwali na kwa "ujasiri".

Alhamisi, 17 Aprili

Miche inaendelea kufa.

Wiki nzima gereji imefungwa, na asubuhi mama mdogo kaniita tena. Sasa ni michungwa. Mia nne imeharibika, na maji ya bwawa bado yana ile ngozi ya rangi. Ameanza kubeba maji ya bombani kwa ndoo, safari thelathini kwa siku, na bega lake la kulia limevimba.

"Labda yalikuwa yamebaki bwawani," nikamwambia.

"Labda," akasema. Anapokubaliana nami upesi hivyo, ninajua kwamba hajakubali.

Kazini Dada Reki alikuwa anazoa matope. Chujio la tatu: ndoo tatu, matope meusi mazito yenye mafuta. La tano: ndoo tatu na nusu. Alipofika kwangu akazungusha reki, akaangalia, akacheka.

"Lako bwana halina kazi. Nusu ndoo. Kwenu mnapika bila masizi?"

"Ni kwa sababu linafanya kazi vizuri."

"Haya, msomi." Akabeba nusu ndoo yake kwa kidole kimoja, kunionyesha.

Nilikasirika kidogo. Nimeandika hapa ili nicheke baadaye.

Jumanne, 22 Aprili

Nimepata wazo, na limeninyima raha mchana kutwa. Huenda fundi alikuwa na shimo la siri. Huenda ndani ya gereji, chini ya sakafu, kuna bomba alilounganisha moja kwa moja na letu, na humo kuna mafuta ya miaka ambayo kila mvua inayasukuma. Hiyo ingeeleza kila kitu: kwa nini miche inakufa hata baada ya gereji kufungwa, na kwa nini chujio langu ni safi. Uchafu haupiti kwangu kabisa!

Ninaweza kuthibitisha. Buluu ya kufulia. Mvua ikinyesha, naimwaga kwenye mfereji mbele ya gereji. Mama mdogo anasimama bwawani kwenye mdomo wa bomba, na simu. Maji yakipita kwenye chujio langu kihalali, buluu itachukua saa nyingi na itafika imefifia, kama itafika. Yakipita njia ya siri, itafika upesi.

Jumamosi, 26 Aprili

Naandika kwa penseli kwa sababu kalamu imeniponyoka mara mbili.

Mvua ilianza saa nane mchana. Mama mdogo alikuwa bwawani na mwavuli. Dada Reki alikuja ingawa ni siku yake ya mapumziko. Alisema hajawahi kuona mtu akifua barabara. Nilimwaga pakiti nne za buluu kwenye mfereji, mbele ya lile geti lenye mnyororo.

Nilitazama. Maji ya buluu yalipita mbele ya gereji. Nilisubiri yazame mahali fulani, kwenye ufa wowote, pale nilipojua kwamba yatazama. Hayakuzama. Yalishuka na mfereji, yakafika kwenye mdomo wa chujio la nne, yakaingia, yakasambaa kati ya matete. Nikasema, basi, hakuna njia ya siri, jaribio limekwisha.

Halafu yakaanza kuzunguka.

Katikati ya chujio, juu ya jiwe bapa nililoliweka kwa mikono yangu, maji ya buluu yalikuwa yanazunguka kama yanavyozunguka kwenye sinki ukitoa kizibo. Polepole, halafu upesi. Kulikuwa na sauti, ya kufyonza. Sikuwahi kuisikia kwa sababu kila mvua mimi nimesimama ukingoni na saa yangu.

Simu ikalia. Dakika nne.

"Mwanangu," akasema mama mdogo, na nyuma yake nasikia mvua ikipiga mwavuli. "Imefika. Yote. Ni buluu kama ya shati la shule."

Nilishuka ndani ya chujio na nguo zangu, maji yakanifika magotini, nikalivuta jiwe. Chini yake kulikuwa na mdomo wa bomba la kijivu, mviringo kamili, na kingo zenye meno madogo madogo ya msumeno wangu. Niliingiza mkono. Haukugusa udongo. Ulikwenda chini, chini, mpaka kwapani, na maji yakiukimbilia.

Halikuwa takataka ya wajenzi. Lilikuwa bomba la ukaguzi la chujio la nne, lile lenyewe, limebadilishwa zamani kwa bomba la rangi nyingine na kupoteza kizibo chake. Limesimama juu ya bomba la chini kabisa, lile la kwenye kokoto. Lilisimama refu ili maji yasiingie. Mimi nilikata urefu wake. Tangu mvua ya kwanza sikuwa na chujio. Nilikuwa na tundu. Kila tone la mafuta ya malori lililonifikia lilipita tunduni mwangu na kwenda kwenye mizizi ya mama mdogo, nami nikisimama juu nikihesabu dakika na kufurahi.

Dada Reki alikuwa amechuchumaa ukingoni.

"Ndiyo maana nusu ndoo," akasema taratibu.

"Ulijua?"

"Niliona hakuna matope. Kila chujio lina matope."

"Kwa nini hukusema?"

"Si nilisema? Ukaniambia linafanya kazi vizuri." Alijifuta maji ya mvua machoni. "Wewe umesoma. Nikadhani ni njia mpya."

Jumapili, 27 Aprili

Dada Reki amelifunga tundu kwa mfuko wa mchanga. Hatamwambia mtu, alisema, hiyo ni juu yangu.

Nawaza, na ninayaandika mawazo haya ili yasijifiche. Nikitia kizibo kesho, miche itapona. Watu watasema, mmeona, gereji imefungwa na maji yamekuwa safi. Hakuna atakayejua. Ripoti yangu itakuwa kweli.

Nimeyasoma haya niliyoandika. Sikujua kwamba mimi ni mtu wa kuyawaza haya kwa utulivu kiasi hiki, na mwandiko umenyooka.

Jumatatu, 28 Aprili

Nimemwambia mama mdogo asubuhi, amesimama, ndoo mkononi.

Nilijiandaa kwa kilio. Nilijiandaa hata kwa kofi. Akaweka ndoo chini.

"Wewe ndiye uliyekata?"

"Ndiyo, mama."

"Kwa msumeno?"

"Ndiyo."

Akatazama safu zake. Mia sita na arobaini imekufa, niliihesabu mwenyewe. Nikaanza kusema nitamsaidia kupanda upya, nitabeba maji, nitakwenda mwenyewe kwa wale wakuu wa shule.

"Na yule kijana wa watu?" akanikatiza.

Nikainama kuchukua ndoo.

"Miche inaota, mwanangu. Nakuuliza yule kijana. Umemwona akimwaga nini?"

"Kitu cheusi."

"Kitu cheusi ni nini?"

Nimerudi nyuma mpaka tarehe 8 katika daftari hili. Ndivyo nilivyoandika hapa: kitu cheusi. Kesho yake, kwenye ripoti, nikaandika oili chafu. Katikati ya kurasa mbili, siku moja, hakuna kilichotokea isipokuwa hasira yangu.

Mama mdogo amesema hataketi nami kula mpaka niende kwa yule kijana. Amenipakulia, akaenda kula nje peke yake. Hajawahi.

Jumanne, 29 Aprili

Babu Miwani kwanza. Nilimpeleka ukingoni, Dada Reki akauondoa mfuko wa mchanga, tukamwaga maji ndoo mbili. Akayaona yanavyozama. Alivua miwani ya juu, halafu ya chini, akabaki na macho yake matupu, madogo.

"Dakika hamsini," akasema. "Na mimi nikafurahi. Nimekaa na machujio haya tangu yalipochimbwa, najua yanavyokunywa. Nikafurahi."

Kisha ofisini. Mkuu wa ofisi alinisikiliza akiwa anatafuta kitu kwenye droo.

"Bomba limezibwa?"

"Limezibwa, bosi."

"Sasa tatizo liko wapi?"

"Gereji."

"Binti, gereji haikosi kosa. Ukichimba utaona. Acha jambo lipoe, jedwali lako limeshapelekwa juu."

Nilishtuka kuliko nilivyoshtuka chujioni. Pale bomba lilinionyesha nilikosea. Huyu ananionyesha kwamba haijalishi. Nilisimama, nikalibandua jedwali ukutani, na gundi ikatoka na rangi ya ukuta. Nikaandika ripoti ya pili palepale kwenye meza yake: ya kwanza si kweli, sikuona oili, aliyeharibu chujio ni mimi. Nikatia sahihi. Babu Miwani, ambaye alikuwa mlangoni, akaiomba kalamu.

"Na mimi nilisaini ile," akasema. "Niletee miwani yangu."

Ijumaa, 2 Mei

Nimempata. Anafanya kibarua kwenye gereji ya mtu mwingine, upande wa pili wa mji, anaosha vipuri kwa brashi. Alinikuta nimesimama getini sijui niingie vipi.

Nilimwambia yote kwa mfululizo. Hakuacha kusugua mpaka nilipofika kwenye ripoti.

"Uliandika ni oili."

"Niliandika oili."

"Uliona oili?"

"Niliona karai."

"Karai la kupimia pancha, dada. Maji. Natumbukiza tyubu, naangalia mapovu yanatokea wapi. Meusi kwa masizi ya mpira. Oili chafu naijaza kwenye pipa, watu wa tanuri la matofali wanakuja kuichukua, kila mtu pale anajua." Alitaka kutabasamu, mazoea tu, kisha tabasamu likamfia. "Ungeniuliza. Kutoka kwako mpaka kwangu si hatua kumi na mbili?"

"Naomba unisamehe."

"Nimekusikia."

Akarudi kwenye vipuri. Nilisubiri aseme Injinia. Aliniita dada mpaka nikaondoka.

Nilipopita mtaani jioni nilizihesabu. Hatua kumi na moja.

Mama mdogo amekula nami. Alinisogezea chumvi.

Jumanne, 6 Mei

Mimi, Dada Reki na Babu Miwani (akitoa amri kutoka ukingoni) tumefukua mpaka kwenye kokoto, tumeunga bomba jipya jeupe, refu, na kizibo chekundu. Mchanga uliokuwa umelizunguka tundu ulikuwa mweupe kama wa dukani. Haukuwahi kufanya kazi.

Alhamisi, 8 Mei

Mvua kidogo. La nne, saa saba. Nikafurahi, kisha nikaogopa kufurahi.

Jumatano, 14 Mei

Barua imetoka. Gereji ifunguliwe. Mistari mitatu, haina neno la samahani. Miche iliyobaki inatoa majani. Wakuu wa shule saba wamekubali kungoja msimu ujao. Watatu wamekataa, na mama mdogo amewaaga kwa heshima mpaka getini. Mimi nabeba ndoo kila asubuhi kabla ya kazi. Kazini nimepewa onyo la maandishi. Nimelibandika kwenye ukurasa wa nyuma wa daftari hili.

Jumatatu, 19 Mei

Mnyororo umeondolewa. Kikombe cha chai kipo dirishani. Nimemsalimia, hakujibu.

Ijumaa, 23 Mei

Pengine ni mvua ya mwisho. Ilinyesha alfajiri, ikakatika saa moja asubuhi. La nne lilijaa mpaka alama ya juu ya kijiti, maji meusi, yametulia, hayaendi popote. Nilikaa ukingoni na daftari la kazi. Saa nne, bado. Saa sita, limeshuka alama mbili. Dada Reki alipita na toroli. "Leo utanipa ndoo nzima?" akauliza.

Saa saba na dakika ishirini fundi alitoka na karai. Alisimama kwenye mfereji, akahakikisha kwamba namtazama, akamwaga polepole, chote, kitu cheusi. Maji yalishuka hatua kumi na moja yakaingia kwenye chujio. Akanijia, karai tupu mkononi.

"Andika," akasema.

Nikaandika. Akanyoosha mkono nikampa daftari. Akasoma kwa sauti, kidole kikifuata maneno na kuacha alama nyeusi: "Saa saba na dakika ishirini. Karai moja la maji ya kupimia pancha. Nimemuuliza mwenyewe."

"Hukuniuliza."

"Ni nini hicho ulichomwaga?" nikauliza.

"Maji ya kupimia pancha."

Akanirudishia daftari. Akasimama akilitazama chujio, maji yake mazito, matete yamezama nusu, kile kizibo chekundu kimechomoza juu.

"Limeziba hilo, Injinia."

"Halijaziba," nikasema, na sauti haikutoka vizuri. "Linachuja."

Aligeuza karai, akaliinamisha juu ya ukingo, akalikalia. Tukangoja.